Baada ya kengele ya adhuhuri, mtoto wa Siakago ni wa nani?

Kila Januari viongozi wetu hupigwa picha wakiwa wamewashika mikono watoto wanaoanza shule. Picha hizo hupigwa asubuhi. Ni nadra kumwona kiongozi akirudi na wapiga picha wake mwendo wa saa sita unusu mchana, wakati watoto wa madarasa ya PP1 na PP2 wanapoachiliwa waende zao. Suala tunalolichambua leo linaanzia saa hiyo, na tumeichagua Siakago kuwa mfano kwa sababu hali ya uchumi wake inalidhihirisha kuliko miji mingi.

Siakago ilikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere ilipomegwa kutoka Embu mwaka wa 1996, na hadi leo ndicho kitovu cha Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu. Ni eneo kame. Mkulima hupanda ndengu, kunde, mtama na mawele akiomba mvua za misimu miwili zisimsaliti. Hata hivyo, zao linaloingiza pesa mfukoni juma baada ya juma ni muguka. Majani hayo mateke hunyauka upesi, na kwa sababu hiyo mnunuzi hangoji. Gari linapotarajiwa, wachumaji sharti wawe shambani, na wengi wa wachumaji hao ni akina mama ambao hulipwa kwa kadiri ya walichochuma. Anayeondoka shambani saa sita kwenda kumchukua mtoto amepoteza sehemu kubwa ya ujira wa siku.

Msomaji atakumbuka kishindo cha Mei 2024, pale Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa alipopiga marufuku muguka katika kaunti yake, akafuatwa na wenzake wa Kilifi na Taita Taveta. Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha kwa muda. Katika mvutano huo kila upande ulidai kuwa unawatetea watoto. Viongozi wa Pwani walisema muguka unawaharibu vijana wadogo. Viongozi wa Embu wakajibu kwamba karo ya watoto wa Mbeere hutoka kwenye mashina hayo hayo. Mtoto wa miaka minne ambaye mamake anachuma muguka huo alasiri nzima hakupata wa kumtaja.

Tufanye hesabu ndogo. Mtaala wa elimu ya awali una vipindi vitano hivi kwa siku, kila kimoja cha nusu saa. Ukiondoa muda wa uji na michezo, mtoto wa PP1 hufundishwa kwa saa mbili na nusu. Akiachiliwa saa sita unusu, na mamake akafika nyumbani saa kumi na moja jioni, kuna saa nne na nusu kati yao. Kwa juma la siku tano, hizo ni saa ishirini na mbili na nusu. Yaani muda ambao mtoto huyu hana mahali rasmi pa kuwa unakaribia kuwa maradufu ya ule anaofundishwa. Tumekuwa tukibishana kwa miaka kuhusu mtaala, vitabu na mitihani, na hizo zote ni hoja za ule muda mfupi.

Kwani zamani mtoto huyu alilelewa na nani? Jibu linajulikana katika kila boma. Alilelewa na dada yake au kaka yake. Mwanaanthropolojia Thomas Weisner, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya, aliandika na mwenzake Ronald Gallimore mwaka wa 1977 kwamba katika jamii nyingi duniani ulezi wa watoto wadogo hukabidhiwa watoto wakubwa, na kwamba jambo hilo ni mfumo kamili wenye mafunzo yake, wala si uzembe wa wazazi. Mfumo huo ndio uliobomoka. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kuanzia 2018 ukaja mpango wa kuhakikisha kila anayemaliza shule ya msingi anaingia sekondari. Hatua zote mbili zilikuwa za haki, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetaka msichana wa miaka kumi arudishwe nyumbani amlee mdogo wake. Lakini serikali ilipomchukua mlezi huyo na kumkalisha darasani haikumweka mwingine mahali pake. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaruhusu masomo hadi saa tisa unusu na shughuli za ziada hadi saa kumi na dakika arubaini na tano. Mkubwa hutoka jioni, ilhali mdogo alitoka adhuhuri.

Nyanya naye? Wanasiasa humtaja sana nyanya wa Kiafrika, kana kwamba hana shamba lake, hana magoti yanayouma, wala hachumi muguka. Nyanya wa Mbeere mwenye miaka hamsini na mitano ni kibarua kama bintiye.

Kwa hiyo mtoto hufanya lipi kati ya yaliyopo? Huenda akapelekwa shambani akalala juu ya gunia kivulini, na hapo ndipo wengine huanza kuchuma kidogo kidogo hadi kuchuma kukawa kazi yao. Huenda akaketi chini ya meza ya mamake sokoni. Huenda akatembea na watoto wenzake hadi kwa jirani ambaye siku nyingine yupo na siku nyingine hayupo. Au hubaki papo hapo shuleni, nje ya darasa lililofungwa, akimngoja kaka yake wa gredi ya tano amalize masomo. Hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa tayari ni malezi ya baada ya shule, ila hayana mlezi.

Na hapa pana tatizo la kisheria ambalo wazazi wengi hawalijui. Madarasa mengi ya umma ya chekechea yamo ndani ya ua wa shule za msingi. Shule ya msingi ni jukumu la serikali ya kitaifa, na mwalimu wake mkuu ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Chekechea ni jukumu la kaunti, na mwalimu wake ni mwajiriwa wa kaunti. Mwalimu wa chekechea akifunga mlango saa sita unusu, zamu yake imekwisha. Mwalimu mkuu aliyebaki hana mtoto huyo katika daftari lake la gredi ya kwanza hadi ya sita. Akiumwa na nyoka saa nane mchana chini ya mti wa shule, ni wa nani? Mwalimu mkuu mwangalifu huchukua njia ya usalama, akaamuru watoto wa chekechea wasionekane uani baada ya adhuhuri. Hapo amejilinda yeye, na mtoto ameingia barabarani.

Katiba ya 2010 haikuusahau mwanya huu. Jedwali la Nne, katika kifungu kile kile kinachokabidhi kaunti elimu ya chekechea, linazikabidhi pia vituo vya kulelea watoto. Mambo hayo mawili yameandikwa katika mstari mmoja. Kaunti zimekuwa zikisoma nusu ya kwanza ya mstari huo tangu 2013, zikijenga madarasa na kuajiri walimu, na nusu ya pili zikaiachia akina mama wenyewe. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka wa 2017, kwa sababu katika mitaa ya mabanda vituo vya kina mama vilikuwa vimezagaa na baadhi yake vilikuwa vya hatari. Bunge la kitaifa nalo lilipitisha Sheria ya Elimu ya Awali ya 2021. Lakini kituo cha mtaa wa Nairobi hulea hasa mtoto mchanga ambaye mamake ameenda kazini tangu alfajiri. Mtoto wa Siakago anayetoka shule adhuhuri ana tatizo la namna nyingine.

Tatizo lake ni kwamba anavuka mito miwili kwa siku moja. Asubuhi anaachana na mamake na kukabidhiwa mwalimu. Adhuhuri, wakati ameanza kumzoea mwalimu, anaachana naye na kukabidhiwa mtu wa pili, au asikabidhiwe yeyote. Mzazi anayeshangaa kwa nini mwanawe anayependa shule anaangua kilio saa sita, ajue kwamba anachokililia mtoto si shule.

Elimu ya jambo hili ina mizizi katika Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekuja Uganda katikati ya miaka ya 1950, alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akatazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao na wanavyofanya mama wakiondoka. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka wa 1967. Alichokiona, na ambacho wengine wamekijenga juu yake, ni kwamba mtoto aliyeshikamana vyema na mtu mmoja hutoka kwenda kuchezea mbali, kwa kuwa anajua atakaporudi. Ujasiri wake hutokana na uhakika huo. Ukimwondolea uhakika kwa kisingizio cha kumkomaza, humpati mtoto mkomavu, unapata mtoto mwenye hofu aliyejifunza kunyamaza.

Ujerumani, ambako vituo vingi vya kulelea watoto hufuata utaratibu ulioanzia Berlin katika miaka ya 1980, mzazi hukaa na mtoto kituoni siku tatu za kwanza bila kumwacha. Siku ya nne ndipo huondoka kwa muda mfupi, akarudi, na muda huo huongezwa polepole. Utaratibu huo umejengwa juu ya maarifa ambayo sehemu yake ilichotwa katika vijiji vya Buganda. Sasa mama wa Siakago akiambiwa apoteze ujira wa siku tatu atacheka, na ana haki ya kucheka. Kwa hiyo hatuwezi kuunakili utaratibu huo jinsi ulivyo. Tunaweza kuuchukua moyo wake, na badala ya kumtaka mama asogee, tumsogeze mlezi.

Maana yake ni nini? Mlezi wa alasiri aingie darasani saa nzima kabla ya kengele, wakati mwalimu bado yupo. Amsaidie kugawa uji, ayajue majina, awafunge viatu. Kengele ikilia, mwalimu ndiye atakayeondoka, na mtoto atabaki katika chumba kile kile, juu ya mkeka ule ule, na mtu ambaye ameshamwona akicheka na mwalimu wake. Majuma mawili ya kwanza ya Januari yangetosha kwa walio wengi. Mlezi huyo awe anasema Kimbeere. Mtoto aliyeshinda asubuhi akipambana na maneno mapya ya Kiswahili na Kiingereza anahitaji alasiri ya kueleweka bila jasho.

Wazazi nao wana sehemu yao, na hapa nitasema bila kuficha kwamba tuna mazoea mabaya mawili. La kwanza ni kumtoroka mtoto. Mama humwonyesha mwanawe kitu dirishani, kisha akachomoka mlangoni. Siku hiyo kilio kinaepukwa, lakini kuanzia kesho yake mtoto hatachezea mbali na gauni la mtu yeyote, maana amejifunza kwamba watu hupotea ukiangalia pembeni. Heri kumuaga waziwazi, kwa maneno machache, na kumwambia atarudiwa lini kwa lugha ya mambo anayoyajua. Saa kumi na moja si kitu kwa mtoto wa miaka minne. Baada ya kulala, na baada ya uji wa pili, ni kitu. Kisha mama arudi kweli. Zoea la pili ni vitisho, kwamba ukilia polisi atakuja au daktari atakudunga sindano. Mlezi anayetumia vitisho hivyo amejigeuza askari wa jela.

Kuna jambo jingine linalowakanganya wazazi. Mtoto anaweza kukaa kimya alasiri yote bila shida, kisha mamake akitokea langoni akaanza kulia na kugaagaa. Wengi hudhani aliteswa. Mara nyingi sivyo, kwa kuwa mtoto huyo alikuwa amejizuia, na amefungua mlango mbele ya anayemwamini. Wengine huanza tena kukojoa kitandani au kudai kubebwa mgongoni kama wachanga. Hali hizo kwa kawaida hupungua baada ya majuma machache. Zikizidi, au mtoto akionyesha hofu ya mtu mmoja mahususi, hapo si suala la kuzoea tena, na mzazi aulize maswali bila kuchelewa.

Chakula na usingizi ni nusu ya kazi. Wilaya ya Embu ina historia ya pekee katika jambo hili. Katika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa na Charlotte Neumann na Marian Sigman waliwafuatilia watoto wadogo wa Embu majumbani, na katika ripoti ya 1988 wakaonyesha kwamba watoto waliozungumzishwa mara nyingi, na ambao sauti zao zilijibiwa, walifanya vyema zaidi katika majaribio ya ukuaji wa akili. Kuanzia 1998 jopo la Neumann lilirudi na kugawa githeri katika shule za Embu, wengine ikiwa na nyama, wengine maziwa, wengine mafuta pekee. Waliopata nyama walikuwa wachangamfu zaidi uwanjani na waliongoza wenzao katika michezo. Mambo yote mawili, kuzungumzishwa na kulishwa, ndiyo yanayokosekana chini ya mti ule kati ya saa saba na saa kumi. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika enzi ya maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa 1979, hatuhitaji mtafiti atuambie mtoto alienda shule kwa ajili ya nini siku ya maziwa. Nairobi, kupitia mpango wa Dishi na County ulioanzishwa 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo wa mwanawe shuleni. Kaunti ya wakulima wa ndengu na kunde haiwezi kushindwa na hesabu hiyo.

Wako watakaosema kwamba malezi ya alasiri ni mambo ya Wazungu. Watembelee Mwambao. Katika miji ya Waswahili, mtoto anapotoka shule huenda chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na kwa vizazi vingi alasiri yake imekuwa na mahali, na mtu mzima anayemjua kwa jina la babake. Ni juu ya msingi huo ambapo katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianzisha Mombasa shule za awali za madrasa zilizounganisha dini, michezo na maandalizi ya shule, mpango ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Waliutumia mkeka uliokuwapo. Mbeere haina chuo cha alasiri, lakini ina makanisa yenye kumbi zinazofungwa Jumatatu hadi Ijumaa, na ina vyama vya akina mama.

Hatari kubwa ninayoiona iko kwingine. Siku kituo cha alasiri kitakapofunguliwa, mtu fulani ataleta ubao na chaki. Tunazijua shule za kibinafsi ambazo huwabakiza watoto wa miaka mitano hadi jioni kwa kile kinachoitwa masomo ya ziada, na tunawajua wazazi wanaolipia jambo hilo kwa furaha. Mtoto aliyekwisha kuchoka saa sita hafundishiki saa nane. Alale, ale, acheze mchangani, asikilize hadithi za Sungura na Fisi. Kituo kikigeuka darasa la pili tutakuwa tumempa mtoto mzigo mara mbili, na tutaita huo msaada.

Gharama je? Pingamizi hili ni la kweli. Tangu ugatuzi uanze, migogoro ya ajira na mishahara ya walimu wa chekechea imezuka katika kaunti nyingi, na mtu anaweza kuuliza vipi kaunti inayovutana na walimu wake itawaongeza walezi. Lakini chumba kipo, na kimefungwa tangu adhuhuri. Choo kipo. Jiko la uji mara nyingi lipo. Kinachokosekana ni mshahara wa mtu mmoja au wawili kwa kila shule, chakula cha pili, na hati ya makubaliano kati ya kaunti na Wizara ya Elimu inayosema nani anawajibika ndani ya ua huo baada ya mwalimu wa chekechea kuondoka. Hiyo hati haina gharama yoyote, na pasipo nayo hakuna mwalimu mkuu atakayekubali. Wazazi wanaweza kuchangia kidogo kupitia vyama vyao, ila ujira wa mlezi usitegemee mchango huo, kwa sababu msimu wa ukame bei na mazao hubadilika na kituo kitafungwa katika miezi ile ile ambayo watoto wana njaa. Na akina baba wanaoketi sokoni wakitafuna muguka huku wake zao wakiuchuma wasijifanye hawahusiki; kumpokea mtoto adhuhuri hakuhitaji cheti.

Novemba 27, 2025 Mbeere Kaskazini ilifanya uchaguzi mdogo, na kwa majuma kadhaa vigogo wa siasa za kitaifa walimiminika Siakago kunadi wagombea wao. Ahadi hazikukosekana. Lakini elimu ya awali na malezi havitolewi na mbunge, bali na bunge la kaunti lililoko mjini Embu, na bunge hilo lina kalenda. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mwongozo wa mipango ya fedha wa kaunti sharti uwasilishwe kwa madiwani kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo kwa kawaida hufanyika mchana, saa za kuchuma muguka, na hata mama anayefika hulazimika kumbeba mtoto wake wa PP1 mgongoni. Makarani wa kaunti wangeanzia hapo: waitishe kikao cha Siakago jioni, baada ya gari la muguka kuondoka.